Sura ya Sita: Ufukwe Kwanza, Nyumba Baadaye

Mtoto anayepelekwa kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji hachelewi kuuliza: ziwa liko wapi? Njia nzima ameambiwa kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Miembe anaiona, mnara anauona, makumbusho anayaona, lakini maji hayapo. Inabidi ateremke na barabara hadi mwaloni ndipo auone mtumbwi. Swali hilo linazidi kwa uzito maswali mengi ambayo sisi watu wazima huuliza tunapotafuta nyumba ya kupanga Kigoma kwa likizo ya familia. Sisi huuliza vyumba ni vingapi, feni zipo, runinga ina king'amuzi gani. Mtoto ameuliza habari ya maji.

Zamani hizo maji yalikuwa karibu na mji. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, pale ilipo Kalemie leo. Katikati ya karne ya 19 njia hiyo ilikuwa imezibwa na mchanga, tope na magugu, na maji ya mito yote inayoingia ziwani yakawa yanajikusanya tu. Mpelelezi Cameron aliufikia mto huo mwaka 1874, na Stanley, alipolizunguka ziwa mwaka 1876, aliukuta bado umeziba. Mwaka 1878 kizuizi kikapasuka. Mmisionari Edward Hore, wa shirika la London Missionary Society, alifika Ujiji mwaka huohuo na akalishuhudia ziwa likishuka mwaka baada ya mwaka. Ilipofika miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka kiasi cha mita 10. Kwenye jabali lililosimama wima, mita 10 hazibadilishi ramani. Ujiji ni tambarare, kwa hiyo mita hizo ziliacha shamba zima la nchi kavu kati ya mwembe na mawimbi.

Halafu ziwa likarudi. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha hadi kilele cha mwaka 1964. Kuanzia 2020 likaanza kupanda tena, na mwaka 2021, kisha 2024, maji yaliingia majumbani Bujumbura na Uvira, na upande wetu yakameza mialo, kuta na bustani za watu waliojenga karibu mno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi waliichukulia kama usumbufu wa serikali, mpaka ziwa lilipokuja kuzidai mita zake.

Ninalianza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalonifanya niwaambie wazazi wote wanaonitaka ushauri: Kigoma hukodishi nyumba, unakodisha ufukwe wenye nyumba. Kitanda kibovu kinavumilika siku tano. Ufukwe mbaya ukiwa na watoto watatu hauvumiliki hata siku moja.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye nyumba, au kwa mlinzi wake ambaye mara nyingi anajua zaidi, ni hili: maji yalifika wapi? Usiulize kwa simu tu. Kama uko Kigoma, au una ndugu pale, nenda ukasimame uani, umwamkie mzee anayelinda, umpe nafasi ya kuongea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Nilitaka kujua, ile masika ya 2024 maji yalifika wapi hapa?"

Mzee hatakujibu kwa takwimu. Atatembea mpaka mahali fulani na kuonyesha kwa mguu: hapa. Kama "hapa" ni ngazi ya veranda, umeshajua. Kama ni mwembe ulio mbali chini ya mteremko, endelea na maswali mengine. Mtu aliyebeba magodoro ya tajiri wake usiku huku maji yakimfika magotini hasahau alama ile.

Ujue pia kwamba hata katika mwaka wa kawaida ziwa hupanda na kushuka. Hujaa mwishoni mwa masika, Aprili na Mei, na hupungua kabisa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea. Tofauti haifiki mita moja, lakini kwenye mchanga ulio bapa inatosha kuumeza uwanja wote wa mpira wa watoto. Picha nyingi za nyumba za kupangisha zinavutia kwa sababu zilipigwa mwisho wa kiangazi. Omba picha ya Mei. Asipokuwa nayo, omba video fupi ya leo, mtu akitembea kutoka mlangoni hadi majini bila kukata. Video ya namna hiyo hukuonyesha mambo ambayo picha zimeyakwepa: jalala, uzio wa jirani, ngazi zisizo na kishikio, na umbali halisi ambao bibi atautembea.

Sasa tuupite ufukwe wenyewe, kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa jicho la mzazi.

Kibirizi, kilomita chache kaskazini ya katikati ya mji, ni mwalo. Boti za mbao za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini hadi mpaka wa Burundi huanzia hapa, dagaa hushushwa hapa, na magari ya mizigo huja mpaka mchangani. Nawapenda watu wa Kibirizi na napenda kuwapeleka watoto pale asubuhi waone jinsi samaki anavyopimwa na kupatanwa bei. Kulala pale na familia ni jambo jingine. Kelele za injini huanza kabla ya alfajiri, na maji yanayotumika kwa mafuta ya boti, kuoshea samaki na kufulia si ya mtoto kuogelea.

Ghuba ya Kigoma yenyewe, yenye bandari na stesheni ya reli ya Wajerumani, ina hoteli kadhaa kongwe zinazotazama maji. Rasi ya Bangwe, upande wa kusini wa ghuba, huikinga na upepo, ndiyo maana Wajerumani waliichagua kuwa bandari, na ndiyo maana maji yake hutulia. Kwa mgeni utulivu huo unavutia. Lakini ghuba iliyotulia ndiyo inayopokea maji ya mvua ya mji mzima, na mvua kubwa ikinyesha rangi yake hugeuka kuwa ya udongo. Kama safari yenu ni fupi, mna mzee asiyeweza mwendo mrefu, na mnataka soko, hospitali na benki karibu, kaeni katika ghuba na msiione kama hasara. Waambieni watoto tu kwamba kuogelea kutafanyika kwingine. Nyumba na hoteli zilizo juu ya majabali ya hapa zina mandhari ambayo sijaona mfano wake nchini: ziwa lote mbele yako, na kukiwa na hewa safi baada ya mvua, milima ya Kongo ng'ambo, kilomita 50 hivi. Mwenye mtoto wa miaka miwili aangalie kwanza urefu wa vizuizi vya baraza.

Ukilipita jabali na kuingia Katonga, mambo yanabadilika. Katonga ni mwalo mkubwa wa wavuvi, wenye vichanja vya kukaushia dagaa, na harufu yake hukupokea kabla hujaiona. Baada ya kijiji ufukwe unavunjika kuwa vighuba vidogo vya mchanga vilivyobanwa na miamba na miti. Hapo ndipo palipo Jakobsen, mahali panapojulikana na kila mwenyeji wa Kigoma mwenye gari na watoto, penye nyumba za wageni na nafasi ya kupiga hema. Kwa familia yenye watoto wanaojua kuogelea, eneo hili lote la kusini ya Katonga ndilo chaguo langu. Hakuna mto mkubwa unaoingia, maji yako wazi kwa ziwa kuu hivyo hayakai yakichacha, na pembeni ya mchanga kuna mawe.

Mawe hayo yanastahili kusemewa. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, walio wengi hawapatikani popote pengine duniani, na wengi wao huishi kwenye mawe, kina kifupi, karibu na ukingo. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni na kuwalipia fedha nyingi. Mtoto wa Kitanzania mwenye miwani ya kuzamia ya bei nafuu anaweza kulala kifudifudi juu ya maji yanayofika kifuani na kuwaona wakiwa kwao: wenye milia, wa manjano, wanaobeba watoto wao mdomoni. Maji ni ya uvuguvugu, nyuzi 25 au 26 karibu mwaka mzima. Kama kuna fedha ya ziada katika bajeti yenu, msiiweke kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nunueni miwani.

Kwenye mawe hayohayo anaishi swila wa maji, nyoka mrefu anayewinda samaki. Ana sumu, lakini hana ugomvi na mtu, na akikuona hujiondokea. Nawaambia watoto mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba yupo, kwamba hapa ni kwake, na kwamba mkono hautiwi ndani ya mianya ya mawe. Mtoto aliyeambiwa hivyo akimwona husogea pembeni. Ambaye hakuambiwa huwaita wenzake waje na fimbo.

Kutoka Kigoma hadi Ujiji ni kilomita 8 hivi, daladala na bajaji hazikosekani. Ufukwe wa Ujiji ni mpana na bapa, na mafundi huunda boti za mbao pale pale mchangani kwa shoka, randa na macho yao. Ni mji wa zamani, wa Waislamu, wa Waha na Wamanyema na wengine waliokuja na misafara kutoka Bagamoyo na kutoka ng'ambo ya ziwa. Njia hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na mzazi asiione aibu kuwaeleza watoto hilo wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe. Ujiji watu huoga ziwani, hufua ziwani, huosha vyombo ziwani. Wanawake huingia majini wakiwa wamejifunga khanga. Mgeni anayetaka kuota jua na nguo ya kuogelea akatafute kighuba chake mbali, si hapa.

Na hapa lazima niseme juu ya kichocho, maana watu wanaopangisha hawapendi kukitaja. Kichocho kipo Ziwa Tanganyika. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na mahali ambapo watu hujisaidia na kuoga. Mwambao wa mawe unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi kuliko ghuba yenye matete pembeni ya kijiji. Sikusema hauna hatari. Kwa hiyo ukiangalia ufukwe, tazama: kuna matete? Maji yamesimama? Watoto wa jirani hucheza upande gani? Wafuteni watoto kwa taulo mara tu wanapotoka majini, na wiki sita hadi nane baada ya kurudi nyumbani wapelekeni wakapimwe. Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri. Aibu ndiyo inayowaponza watu, ya kwenda hospitali kusema umeogelea ziwani.

Kusini kidogo ya Ujiji, Mto Luiche unaingia ziwani kwa delta yenye mashamba na matete, na mbele zaidi ni Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote ya upande wetu. Midomo ya mito ni makazi ya mamba na viboko. Ni mahali pazuri pa kutazama ndege ukiwa ndani ya boti na mwenyeji. Nyumba iliyo karibu na mdomo wa mto, hata ikiwa nusu ya bei, hata ikiwa na mchanga mweupe, usiichukue kwa familia yenye watoto. Hapa sina la kupima.

Jambo la mwisho la usalama ni kina. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Sehemu yake ya chini kabisa ina mita 1,470. Limekaa ndani ya ufa wa ardhi, na kuta za ufa huo zinaendelea kuteremka chini ya maji kama zilivyoteremka kutoka milimani. Mahali pengi mtoto hutembea hatua kumi kwenye mchanga maji yakiwa kiunoni, hatua ya kumi na moja hakuna mchanga. Hakuna maji kupwa na kujaa kama pwani, kwa hiyo mtu aliyezoea Bagamoyo au Tanga hudhani ziwa ni rahisi. Mtu mzima mmoja, siku ya kwanza, aingie peke yake na kuupima ufukwe wote kwa miguu kabla ya mtoto yeyote kulowa. Kisha wekeni alama: kuanzia jiwe hili hadi mtumbwi ule, basi.

Upepo nao una saa zake. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na huleta mawimbi ambayo mgeni hangetarajia kuyaona ziwani. Asubuhi mara nyingi maji hulala, mchana yakaamka. Msimu wa mvua huja na dhoruba za ghafla zenye radi. Kwa hiyo ufukwe unaotazama kusini utakuwa mzuri sana Desemba asubuhi na mgumu Julai alasiri. Waulize wavuvi, na usikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana hutaja mawimbi ya maziwa pia. Safari yoyote ya boti ifanyike asubuhi, na kila mtu, hata baba anayejiona samaki, avae jaketi okozi.

Sasa chagueni mwezi, na kwa maana zote mbili. Wavuvi wa dagaa Kigoma huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwakusanya dagaa, na migebuka huwafuata dagaa. Kukiwa na giza, baraza lenu litatazama mamia ya taa ziwani, na asubuhi mtanunua dagaa wabichi waliotoka majini saa chache zilizopita, wa kukaanga kwa mawese na kula na ugali wa muhogo. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na soko hupooza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama kalenda ya mwezi wa angani. Anayetaka samaki na taa aje gizani. Anayetaka kukaa nje na watoto usiku bila tochi aje mbalamwezi. Vyote viwili hupati.

Kuna kalenda nyingine, ya serikali. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Wazee wa Katonga wenyewe watakuambia jinsi mavuno yalivyopungua tangu utoto wao. Lakini likizo ya shule ya Juni inaangukia humo humo. Familia inayokuja Juni kwa ajili ya migebuka wabichi iulize kwanza kama ziwa limefungwa mwaka huo. Likiwa limefungwa, mtakula dagaa wakavu, maharage na ndizi, na mwalo utakuwa kimya. Mvuvi mtakayemkuta amekaa atakuwa na muda wa kuwasimulia watoto, na mkimlipa awatembeze kwa boti atashukuru, kwa sababu miezi hiyo mapato yake ni madogo.

Juu ya nyumba yenyewe nitakuwa mfupi. Mwambao wa Kigoma, kwa sehemu kubwa, hutazama magharibi. Asubuhi milima huleta kivuli, alasiri jua hupiga usoni moja kwa moja. Baraza lisilo na paa refu au mwembe mbele yake ni tanuri kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Uliza tenki la maji ni la ukubwa gani na hujazwa na nani, kwa kuwa kuishi kando ya ziwa hakumaanishi bomba linatoka. Uliza luku inalipwa na nani, na utazame salio siku ya kuingia mbele ya mwenye nyumba. Vyandarua viwe vyote, bila tundu, hata kwa kitanda cha msaidizi. Jiko la mkaa liwe nje. Kama kuna nyani au tumbili karibu, madirisha yawe na wavu, na chakula kisiachwe mezani.

Nyumba nzima za kupanga kwa siku ni chache Kigoma. Nyingi utakazoonyeshwa ni nyumba za watu wanaoishi Dar es Salaam au Mwanza, nyumba za taasisi za dini, au gesti zenye vyumba vinavyoweza kuchukuliwa vyote kwa pamoja. Dalali ana kazi yake na anastahili malipo, lakini kubalianeni mapema kama hela ya kuonyeshwa nyumba inahesabiwa ndani ya udalali au ni pembeni. Usitume fedha yote kabla ya kufika. Mtu wa kuaminika atakubali sehemu, na atakuandikia hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, watu wangapi, kiasi gani, mlinzi yumo au hayumo. Mpishi wa eneo lile akipatikana, mchukue. Atajua kupika kuhe na sangala, atajua mawese mazuri yanauzwa na nani, na ndiye atakayekuambia ukweli juu ya jirani.

Wengine huuliza kama wapange Gombe badala ya mjini. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kufika kuwatafiti sokwe, hufikiwa kwa boti tu, na malazi pale Kasekela yako hatua chache kutoka majini. Ni pazuri mno kwa siku mbili. Kwa wiki nzima na watoto wadogo ni pagumu: hakuna duka, tozo za hifadhi huhesabiwa kila siku, nyani huvizia kila mlango ulioachwa wazi, na kuna masharti ya umri kwa wanaofuata sokwe porini. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaua. Ulizeni TANAPA kabla ya kumwahidi mtoto. Mahale, mbali kusini, iacheni mpaka watoto wakue.

Njia ya kufika Kigoma nayo ina sehemu katika uchaguzi. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na treni ya zamani huchukua siku mbili hivi. Familia iliyoshuka treni na mizigo na usingizi isipelekwe moja kwa moja kwenye kighuba cha mbali chenye barabara ya vumbi. Laleni mjini usiku wa kwanza. Ndege ni ya saa chache, na anayekuja nayo anaweza kwenda ufukweni siku hiyohiyo.

Mkija na bibi, nashauri jambo ambalo huwashangaza wengi: pangeni Ujiji, na si ufukweni. Chukueni nyumba ya kawaida yenye ua, mtaani, karibu na msikiti na soko, kwa mwenyeji anayeishi upande wa pili wa ua huohuo. Bei itakuwa ndogo. Bibi atapata wa kuongea naye kuanzia asubuhi, atapelekewa uji na jirani asiyemjua, na akitaka kurudi ndani kulala hahitaji kupanda ngazi hamsini kutoka majini. Maji hayatafika mlangoni hata masika ikiwa kali. Walio na hamu ya kuogelea watachukua bajaji hadi mjini na kuendelea Katonga saa moja asubuhi, wakiwa na chapati na chupa ya chai, walipe kiingilio kwenye ufukwe wanaoutaka, waogelee maji yakiwa bado yamelala, na kufikia saa sita, upepo unapoanza kuinuka, wawe njiani kurudi na migebuka mitatu kwenye kikapu kwa ajili ya chakula cha mchana.